Straiki mbili? Usidhani kufuta kutakuokoa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia usiku wa manane: "Kaka, chaneli yangu ya YouTube imepigwa straiki mbili za hakimiliki. Nikizifuta hizo video si yameisha?" Straiki ni onyo rasmi unalopewa na YouTube mwenye kazi akikulalamikia. Nilicheka, kisha roho ikaniuma.

Mimi nilikuwa na wafuatiliaji 41,000. Si haba kwa mtoto wa Tanga mwenye kompyuta ya kuazima. Nilipandisha magoli niliyorekodi kwenye runinga. Ili mitambo isiyatambue niliigeuza picha kama kwenye kioo: namba za jezi zinasomeka kinyumenyume, mtu wa mguu wa kulia anafunga kwa kushoto. Chini naandika "sina nia ya kuvunja hakimiliki". Mwizi anayepiga hodi!

Straiki ya kwanza ilipokuja nikafuta video, nikalala fofofo. Kumbe kufuta hakuondoi straiki. Inakaa siku 90, na darasa lao la hakimiliki lazima ulimalize, labda mlalamikaji mwenyewe aondoe malalamiko. Zikifika tatu kabla hazijaisha, chaneli inafungwa na hutakiwi kufungua nyingine. Sheria ya Marekani ya 1998 inawabana: mtandao usiowatimua wakosaji sugu hupoteza kinga yake mahakamani.

Ya pili nikapandisha mori. Nikajaza fomu ya kupinga, utadhani magoli nimefunga mimi. Fomu ile hupelekwa kwa mlalamikaji na jina lako kamili na anwani yako, naye ana siku 10 za kazi kuonyesha kuwa amekushtaki. Anwani niliyoandika ni ya kwa mama. Wiki nzima, kila mtu akibisha, bi mkubwa ananitazama: "Ndio hao?"

Wale wa kituo cha runinga walionilalamikia, mahakamani hawakwenda. Walichimbua video yangu ya zamani niliyokwisha isahau, wakailalamikia. Ya tatu hiyo. Hadi leo nikikiona kituo kile kwenye runinga nabadilisha.

Sasa mdogo wangu, kama ni dai la Content ID tu, ule mtambo wa YouTube unaotambua kazi za watu, tulia, hilo si straiki; mara nyingi pesa ya matangazo ndiyo inayokwenda kwa mwenye kazi. Straiki ni habari nyingine. Mwandikie mlalamikaji kwa adabu umwombe aondoe, wapo wanaokubali. Ficha leo kila video usiyoipiga mwenyewe. Na acheni ujanja, jamani, shikeni kamera zenu!

Hukuniambia ile ya kwanza ilikuja tarehe ngapi.