Shemeji yangu nitamwonyesha Masaan

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: kama una rafiki anayedai sinema za Kihindi zote ni moja, ungemwonyesha ipi, na kwa nini? Mimi sina haja ya kumtunga rafiki huyo kwa sababu ninaye ndani ya nyumba. Ni shemeji, mume wa dada yangu. Hukutabiria sinema nzima kabla hajamaliza kuvua viatu: stelingi maskini, binti wa tajiri, baba mkali, mvua, nyimbo sita, adui anapigwa, baba analia, ndoa. Na mara nyingi anapatia, jambo ambalo linaniudhi zaidi.

Nitamwekea Masaan ya Neeraj Ghaywan, iliyotoka 2015 na kurudi na tuzo mbili kutoka tamasha la filamu la Cannes mwaka huohuo. Najua ataanza kucheka mapema, maana mapenzi yamo, tena yale anayoyajua. Kijana na msichana wanatazamana katikati ya msongamano wa sikukuu ya mungu wa kike Durga, maputo mekundu yanapaa angani, na hawajasemezana neno la maana. "Si nilikwambia?" atasema. Nitamwacha acheke.

Kijana ni Deepak, anayechezwa na Vicky Kaushal kabla jina lake halijawa kubwa. Anasomea uhandisi wa ujenzi kwenye chuo cha ufundi mjini Varanasi. Msichana ni Shaalu Gupta, wa tabaka la juu kuliko lake, yaani lile daraja ambalo Mhindu huzaliwa nalo. Anapenda mashairi, na humsomea Deepak beti ambazo kijana wa watu haambulii hata nusu yake, lakini anaitikia kama mwanazuoni. Tatizo ni kwao. Deepak ni Mdom, tabaka la chini kabisa, na kwa Wadom wa Varanasi kazi ya kurithi ni kuchoma maiti kando ya mto Ganga. Siku Shaalu anapombana amwambie anakoishi, Deepak analipuka na kuyatapika yote kwa hasira, kama mtu anayetaka kuachwa upesi yaishe.

Hapa ndipo nitakaposimamisha picha, shemeji apende asipende, kwa sababu asipoelewa ule moto hataelewa kitu. Mhindu anayefia Kashi, ambalo ni jina la kale la Varanasi, anaaminiwa kuwa amefunguliwa na mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Kuna wagonjwa wanaopelekwa pale wakingali hai, wakakae kungoja siku yao. Sasa basi, kuni za maiti haziwashwi kwa kiberiti cha dukani. Moto unalipiwa kwa Mdom, kutoka kwenye moto ambao ukoo wake umeulinda usizimike, vizazi na vizazi. Mtoto wa kiume wa marehemu ndiye anayetia moto, lakini anayepanga magogo ni Mdom. Mdom ndiye anayechochea, anayesukuma mguu uliochomoza urudi ndani ya moto kwa mti wa mwanzi, na anayekaa pale joto likimbabua uso mpaka mwili uishe. Kwa hiyo hata Mbrahmani mkubwa wa mji, mtu wa tabaka la juu kabisa, la makuhani, hupitia mikononi mwa mtu ambaye, alipokuwa hai, asingepokea kutoka kwake hata kikombe cha maji.

Kwao Deepak ni Harishchandra Ghat, ngazi za mtoni zilizopewa jina la mfalme wa hadithi. Mfalme Harishchandra hakuwahi kusema uongo. Kwa kutimiza ahadi aliutoa ufalme wake wote, akamuuza mke na mtoto, mwishowe akajiuza mwenyewe kwa mchoma maiti na kuwekwa kukusanya ada pale pao penye kuchomea maiti. Usiku mmoja mkewe akaja amempakata mtoto wao, kaumwa na nyoka, amekufa. Hana senti. Mfalme akamdai ada mke wake mwenyewe kwa maiti ya mwanawe mwenyewe. Ndipo miungu ikashuka, mtoto akafufuka, na yule bwana mchoma maiti akajitambulisha kuwa ni mungu Dharma aliyejigeuza.

Na sinema ya kwanza ndefu ya India, aliyoitengeneza Dadasaheb Phalke mwaka 1913, ilikuwa hadithi hiyohiyo. (Malkia aliigizwa na mwanamume, Anna Salunke, kwa kuwa hakupatikana mwanamke wa kukubali kuigiza.) Yaani sinema ya Kihindi ilizaliwa na kisa cha penye kuchomea maiti, halafu kwa miaka zaidi ya mia tumekuwa tukidhani ilizaliwa mvuani.

Sasa itazameni ile hadithi kwa macho ya Mdom wa kweli. Mfalme alikuwa Mdom wa muda tu. Hata bosi wake alikuwa mungu. Katika kisa kizima cha kuchoma maiti hakuna mchoma maiti hata mmoja aliyezaliwa hivyo. Masaan inamtia Deepak mahali pa mfalme. Shaalu, akiwa safarini kuhiji pamoja na familia yake, anampigia simu kumwambia yuko tayari kuwa naye, hata ikibidi watoroke. Kisha basi la mahujaji linapata ajali. Usiku maiti zinaletwa kwa wingi, Deepak anaitwa kusaidia, na katika kuhangaika na miili anauona mkono wenye pete anayoijua.

Anasimama. Kazi inamngoja. Haishuki miungu.

Shemeji, namfahamu, atasema mwandishi amekwepa: kamuua binti ili baba asiulizwe, na hivyo hatukujua kama tabaka lingeshinda au lingeshindwa. Hoja hiyo nimeisikia na kwa wengine, na si ya kipuuzi. B. R. Ambedkar, mwanasheria na mpinzani mkubwa wa matabaka, aliyezaliwa miongoni mwa wasioguswa, yaani watu ambao wengine waliona ni unajisi kuwagusa, aliandika mwaka 1936 kwamba dawa halisi ya tabaka ni watu wa matabaka tofauti kuoana. Akaongeza kwamba watu hawataoana hivyo mpaka imani ya kuyaona maandiko kuwa matakatifu ivunjwe kwanza. Masaan haikufika mpaka kwenye ndoa ili dawa hiyo ipimwe. Lakini kwangu ule usiku umejibu. Akiwa hai, Shaalu alikutana na Deepak kwa kujificha. Alipokufa, dini ileile ikamkabidhi mikononi mwake hadharani, na hakuna aliyeuliza kijana huyu ana haki gani ya kumgusa.

Deepak akilewa na wenzake anauliza kwa nini majonzi haya hayaishi. Ni sentensi fupi, ya mtoto wa mtaani, na Kaushal anaitamka kama anatapika.

Kuna upande wa pili wa filamu: Devi, binti wa mzee Pathak, Mbrahmani anayeuza vifaa vya ibada pale mtoni. Amekamatwa na mpenzi wake hotelini na polisi, ambaye sasa anamkamua mzee rupia laki tatu ili kisa kisitangazwe. Richa Chadda ameigiza vizuri, na mimi nampenda zaidi Sanjay Mishra aliyecheza baba mtu. Ila hapa na pale naona mkono wa mwandishi. Pete ya Shaalu, ambayo Deepak ameitupa mtoni kwa uchungu, inaokotwa na mtoto mpiga mbizi na hatimaye inauzwa kumalizia hongo ya Devi. Mto mpana vile! Ukatili wa wazo naukubali, bahati yake ndiyo inanishinda. Vilevile kukutana kwa Deepak na Devi mwishoni, Allahabad (mji unaoitwa Prayagraj tangu 2018), kwenye mtumbwi wa kwenda Sangam ambako mito inaungana, ni kutamu kupita kiasi kwa filamu chungu namna hii. Shemeji atapapenda hapo, sina shaka.

Mpango ni huu. Watoto walale kwanza, kwa sababu dakika za mwanzo si zao. Sitamwambia inahusu tabaka wala dini, maana atasingizia usingizi. Nitamwambia ni ya mapenzi. Akitaka nyingine baada ya hapo, ipo Sairat ya Nagraj Manjule, ya 2016, kwa Kimarathi. Nyimbo anazozilalamikia zote zimo, ila humo ndugu wa binti hawakubali hata kidogo.