Vitambaa vya jikoni vya kufuma kwa nyumba ya wapangaji: anza na uzi

Mdogo wangu, umesema mmepanga watu watano mnaotumia jiko moja, ukafuma vitambaa vinne kwa uzi wa sweta uliobaki, na sasa vinasukuma maji tu badala ya kuyanyonya, halafu harufu haitoki hata ukifua. Umeuliza kama kosa ni la mkono wako. Hapana, uzi ndio uliokuangusha, na mimi uliniangusha vilevile.

Niko Iringa, nyumba ya vyumba sita, mwaka wa tisa sasa. Kufuma nilifundishwa na mama, aliyekuwa akifuma sweta za shule, kwa hiyo nilipoona jiko letu lina tambara moja linalofuta meza, sufuria na mikono ya kila mtu, nikachukua mabaki ya uzi wa sweta nikafuma. Vilipendeza. Wiki ya pili mwenzangu wa chumba cha nne alikamata mshikio wa sufuria ya uji kwa kile cha bluu, kitambaa kikayeyuka na kuganda kwenye chuma. Mungu alisaidia vidole vyake havikugusa. Tangu siku hiyo uzi ule hauingii jikoni kwangu.

Dukani watauita sufu, lakini mwingi ni akriliki, jamii ya plastiki. Ukiwa na shaka, kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya beseni la maji, kiwashe. Pamba huungua kama karatasi na harufu ni ya karatasi, jivu lake laini la kijivu. Akriliki hujikunja, huyeyuka, na hubaki kidonge cheusi kigumu kisichopondeka. Mwombe muuzaji kipande ujaribu nyumbani kabla ya kununua donge zima.

Pamba nene ya kufumia si rahisi kuipata huku kwetu. Inaniuma kusema hivyo katika nchi ambayo Simiyu na Shinyanga zinalima pamba kiasi kile, kisha sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa ghafi. Ninachofanya ni kununua ule uzi mwembamba wa pamba wanaofumia vitambaa vya makochi, nafuma nyuzi tatu kwa pamoja, wakati mwingine nne. Unazitoa kwenye madonge matatu yaliyowekwa ndani ya ndoo ili yasitembee sakafuni.

Sindano zangu ni za milimita 4. Usitumie spoku za baiskeli kama tulivyozoea utotoni. Spoku ni nyembamba mno, kitambaa kinatoka kigumu kama mkeka, na kitu kilichobana hivyo hakikauki. Ukikosa sindano, chonga mwanzi na uusugue kwa msasa mpaka usikwaruze shavu. Pamba haivutiki kama sufu, kwa hiyo usiikaze, vidole vitauma kabla hujafika nusu.

Cha kuoshea vyombo natia vishono 40, natembea na kishono kilekile cha kawaida mistari yote bila kubadilisha, mpaka kitambaa kiwe mraba. Kinafika kama sentimita 21 na kula gramu 40 au 45. Vile vituta vya mistari ndivyo vinavyosugua, usihangaike na mapambo. Cha kukaushia mikono natia 60, urefu nusu mita, na kona moja naacha kitanzi. Kitanzi usikisahau. Nyumba ya watu wengi kitambaa kisicho na pa kuning'inia kitalala kwenye karo, na kikilala kimelowa usiku kucha ndiyo hiyo harufu unayoilalamikia. Kwa vyombo vya kioo, kanga kuukuu bado inashinda cha kufuma, maana haiachi vinyweleo. Masizi na ukoko waachie dodoki.

Kabla ya kukitumia, kifue mara mbili kwa maji ya moto na sabuni. Pamba mpya ina mafuta yake ya asili na vitu vya kiwandani, ndiyo maana siku ya kwanza inakataa maji. Kitasinyaa kidogo, ni kawaida. Dawa ya kulainisha nguo usiitie kamwe, inaupaka uzi utando na unyonyaji unakwisha.

Sasa la watu watano, ambalo naona ndilo hasa linalokusumbua. Mimi nilianza kwa kufuma kimoja kizuri na kuwaomba wenzangu wakitunze. Haikufaa. Kila mmoja alimsubiri mwenzake akifue, na hakuna aliyekuwa mbaya, ni kwamba cha wote hakina mwenyewe. Kilichofaa ni wingi. Nilifuma kumi na mbili, nikavipanga kwenye kikapu kando ya kichanja, na ndoo yenye mfuniko chini yake. Ukiona kimechafuka, kitupie ndoo, chukua kingine. Hakuna anayeulizwa. Jumamosi anayefua mashuka yake anavichemsha vyote dakika kumi, vinaanikwa juani mpaka vikauke kabisa.

Rangi nazo zinasaidia kuliko maneno. Vyeupe vya vyombo, kijani vya meza, na kahawia kwa pale panapokatwa nyama na samaki, hicho hakigusi kitu kingine na kinaingia ndoo siku hiyohiyo. Mgeni anaonyeshwa mara moja tu. Nyekundu niliiacha baada ya kuichemsha na vyeupe sita vikatoka waridi. Kama unaipenda, iloweke peke yake mpaka maji yatoke meupe.

Kuhusu kushikia sufuria, hata pamba isitumike ikiwa imelowa. Maji hupitisha moto haraka na mvuke unakuunguza kabla hujaiachia. Fuma viwili vinene, nyuzi sita pamoja kwa sindano nene zaidi, vishono 28, uvitundike mbali na maji.

Vile vinne ulivyokwisha kufuma usivitupe. Vinaondoa vumbi kwenye rafu na madirisha vizuri sana vikiwa vikavu. Viweke sebuleni, na umwambie kila mmoja pale nyumbani kwamba havikaribii moto.