Umefanywa admini wa kundi la mtaa: anzia hapa

Kundi la WhatsApp la wakazi wa mtaa linabeba hadi watu 1,024, na likishavuka mia mbili haliendi tena kwa kuelewana tu. Maji yakikatika, mtoto akipotea, jirani akifiwa, taarifa hupita humo kabla haijamfikia mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa hiyo wewe uliyepewa uadmini juzi umepewa kazi ya kweli, hata kama haina posho. Wengi hudhani kazi hiyo ni kuamua ugomvi, kumbe sehemu kubwa iko mlangoni na kwenye kanuni. Huko kukikaa sawa, ugomvi unaokufikia ni mchache na mwepesi.

Anza na mlango. Fungua maelezo ya kundi, ingia sehemu ya ruhusa, uhakikishe jina na picha ya kundi vinabadilishwa na wasimamizi pekee, wanaoongeza watu ni wasimamizi pekee, na uidhinishaji wa wanachama wapya umewashwa. Kiungo cha mwaliko kiwekeni upya angalau kila miezi mitatu, au papo hapo mkikikuta kimebandikwa hadharani Facebook. Sababu ya ukali huu ni namba za simu: kila aliyemo anaona namba za wenzake. Tapeli hana haja ya kuandika neno lolote kundini. Anaingia, ananakili namba na majina, anatoka, na wiki inayofuata wakazi wanaanza kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii" kutoka kwa mtu anayewaita kwa majina yao.

Anayeomba kuingia mwandikie faragha umuulize mambo matatu: jina lake, anakaa karibu na nini, na nani kundini anamfahamu. Mkazi wa kweli hujibu bila kufikiri: nyuma ya msikiti, mkabala na mashine ya kusaga, ananifahamu mwenye genge. Asiyejibu ndani ya saa 24, kataa ombi lake. Akiwa ni wa mtaani kweli atamtafuta jirani amsemee.

Kwa kundi la watu mia tano, wasimamizi watano hadi saba wanatosha. Wawili ni wachache mno; mmoja akisafiri na mwingine akilala, video chafu inakaa kundini mpaka asubuhi. Kumi na tano nao ni wengi, kila mmoja anadhani mwenzake ameshaona. Wachagueni kwa saa wanazopatikana, si kwa vyeo vyao. Mwenye duka anayefunga saa nne usiku anafaa. Muuguzi wa zamu ya usiku anafaa. Mwanamtaa aliyehamia Toronto anafaa kuliko wote kwa usiku wa manane, maana Dar es Salaam ikiwa saa nane usiku, kule wakati wa kiangazi ni saa moja jioni. Wasitoke wote ukoo mmoja, chama kimoja wala nyumba moja ya ibada. Wanawake wawemo, na si kwa kuhesabiwa tu: dada anayesumbuliwa faragha na mwanachama wa kundi mara nyingi hatampelekea shauri hilo mwanamume asiyemzoea, atajitoa kimya kimya. Kila msimamizi awashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN anayojiwekea mwenyewe, kwenye WhatsApp yake, kwa kuwa akaunti ya admini ikitekwa, mwizi anaweza kuwavua wenzake cheo na kuwatoa watu kabla hamjaamka.

Kanuni saba zinatosha, na kipimo cha kanuni nzuri ni kimoja: msimamizi auangalie ujumbe na aweze kusema umevunja au haujavunja. "Tuheshimiane" haipimiki, kila mmoja ana heshima yake. "Usimtukane mtu, kabila lake, dini yake wala wazazi wake" inapimika. "Usiweke picha za maiti, majeruhi wala za utupu" inapimika. "Tangazo la biashara ni Jumamosi tu, picha moja, bei na mahali" inapimika, na bila hiyo kundi linageuka mnada ndani ya mwezi mmoja. Kuhusu msiba, andikeni wazi kwamba taarifa huwekwa na familia au kwa idhini yake. Ni jambo zito mno mtoto wa marehemu aliye kazini Mwanza kujua kifo cha baba yake kupitia "pole sana" ya jirani.

Siasa msizipige marufuku kwa neno moja. Mfereji ulioziba, taa za barabarani na ahadi za diwani ni siasa, na ni mambo hasa ya mtaa. Pigeni marufuku kampeni: mabango ya wagombea, nyimbo za vyama, picha za kuwakejeli viongozi. Mpaka huo unaeleweka hata Oktoba ya mwaka wa uchaguzi, japo wakati huo ongezeni zamu za usiku.

Kanuni ziwekwe kwenye maelezo ya kundi, na mmoja wenu azisome kwa sauti, rekodi isiyozidi dakika moja. Wapo wazee wasioona vizuri maandishi ya simu, na wapo watu wazima wasiosoma kwa urahisi ambao hawatakuambia. Rekodi hiyo irudiwe kila mwanzo wa mwezi kwa ajili ya walioingia karibuni.

Kuna kero moja inayodharauliwa sana, nayo ni picha za salamu. "Ijumaa Kareem" yenye maua, "Jumapili njema" yenye jua linalochomoza, mara sitini kwa siku. Simu nyingi zimeachwa zipakue picha zenyewe. Anayenunua bando la siku anaamka limekwisha kabla hajasoma kwamba maji yatakatika. Huyo halalamiki. Anazima arifa za kundi, au anatoka, na tangu 2022 taarifa ya anayetoka huwafikia wasimamizi tu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi fungueni orodha ya waliotoka, ambayo WhatsApp huionyesha kwa siku 60, mjiulize wametoka wakati gani na kundini kulikuwa na nini. Kuhusu salamu, msimamizi aandike moja kwa maandishi asubuhi, wengine waijibu kwa kugusa alama ya moyo. Naona hii imeokoa makundi mengi kuliko kanuni yoyote ya matusi.

Ujumbe mbaya ukiingia, ondoa ujumbe kwanza, habari ya mtu ifuate baadaye. Tangu 2022 msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote, lakini muda una ukomo, takriban siku mbili tangu utumwe, na jina la aliyefuta linaonekana. Kabla ya kufuta piga picha ya skrini, kisha uandike kwenye daftari la wasimamizi: tarehe, namba tatu za mwisho za simu, kilichofutwa, kanuni iliyovunjwa, nani amefuta. Daftari hilo linawaokoa siku mtu atakapodai anaonewa, kwa sababu mtaona kama kweli yeye amefutiwa mara nne na mwenzake aliyefanya yale yale hajaguswa. Picha ya ngono inayomhusisha mtoto ni jambo jingine kabisa. Hiyo usiihifadhi wala kumtumia msimamizi mwenzako "aone". Ripoti ujumbe huo kwa WhatsApp, ufute, mtoe aliyetuma, mwende polisi.

Baada ya kufuta, mwandikie mhusika faragha, sentensi mbili au tatu. Kwa mtu mzima: "Shikamoo mzee. Nimeondoa ile video ya ajali kundini kwa sababu ndugu wa marehemu wamo humu na kanuni yetu hairuhusu. Ukiwa na neno nipigie, nipo." Kwa kijana mwenzako sema hivyo hivyo bila shikamoo. Taja ujumbe na kanuni, usitaje tabia. Ukiandika "wewe ni mkorofi" umeanzisha ugomvi wa pili. Mzee akikasirika, usijibizane naye kwa maandishi. Mtafute mtu wa rika lake ampigie simu.

Onyo la pili litolewe na msimamizi mwingine, ili isionekane unamwandama. Mara ya tatu anatolewa kwa siku 14 na anaambiwa tarehe ya kurudi, na ikifika mmrudishe bila kusubiri aombe. Matapeli, wanaotishia watu, wanaosambaza picha za utupu na wanaoweka mahali anapoishi mtu kwa nia mbaya hawapiti ngazi hizo, wanatoka siku hiyo hiyo. Anayepinga uamuzi asikilizwe na msimamizi asiyehusika, ajibiwe ndani ya saa 48. Na shauri likimhusu ndugu yako au mpangaji wako, sema kwenye kundi la wasimamizi kwamba unakaa pembeni, kisha ukae kweli.

Ugomvi ukishawaka, watu ishirini wanajibu kwa mpigo, kufuta mmoja mmoja hakusaidii. Fungeni kundi, yaani wekeni ruhusa ya kuandika kwa wasimamizi pekee, mkaandike sababu na saa: "Kundi limefungwa mpaka saa tatu na nusu usiku." Nusu saa hadi saa moja inatosha. Saa ikifika fungueni, hata kama mmoja wenu anaona bado. Kundi likifungwa siku tatu bila maelezo, wenye hasira hufungua jingine na kuondoka na nusu ya watu. Usiulize "nani alianza" mbele ya wote. Swali hilo huzaa mashahidi, na mashahidi huzaa kambi.

Uvumi una dalili zake. Ujumbe uliopita mikono mingi huja na mishale miwili na maneno ya kuonyesha umesambazwa mara nyingi, na WhatsApp yenyewe huuzuia kupelekwa zaidi ya soga moja kwa wakati tangu Aprili 2020. Ukiona mishale hiyo, muulize aliyeuleta chanzo chake na tarehe. Mpe nusu saa. Asipoleta, futa, na kama umeshawatisha watu, andika sahihisho na ulibandike juu kwa saa 24. Kufuta bila kusahihisha huwaacha watu na hofu yao. Tangazo la mtoto aliyepotea liwe na tarehe, kituo cha polisi na namba ya RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi), au namba ya OB kwa walio Kenya, pamoja na simu ya mzazi, na msimamizi apige simu hiyo kabla halijasambazwa. Mtoto akipatikana, tangazo lifutwe na wote waambiwe. Picha yake isiendelee kuzunguka miaka mitatu. Ajira zinazodai ada ya fomu au ya mafunzo zifutwe bila mjadala.

Siku moja namba ya mwanachama itaanza kuomba pesa: "Nitumie laki mbili, nitarudisha jioni." Mtoe kwanza, kwa wema. Mpigie kwa simu ya kawaida, usitumie WhatsApp, maana huko atapokea mwizi. Mara nyingi alikuwa amempa mtu tarakimu sita za uthibitisho, au ameingiza herufi nane zilizounganisha akaunti yake na kifaa cha mwizi. Mwelekeze aisajili namba yake upya kwenye WhatsApp. Tarakimu sita zikiingia, mwizi hutolewa. Ikiwa mwizi ameshaweka PIN ya hatua mbili, mwenye namba atasubiri siku saba ndipo aweze kuingia bila PIN hiyo. Baadaye akague vifaa vilivyounganishwa na kuondoa asivyovijua. Kundini tangazeni kwa jina kwamba namba hiyo imetekwa, na kwamba yeye hana kosa.

Michango ya misiba na harusi isipitie mkononi mwa admini. Apatikane mweka hazina, pesa ziende kwenye namba ya malipo ambayo jina lake linatokea kabla ya mtu kuthibitisha, na orodha iwekwe mara moja kwa siku. Wekeni majina ya waliotoa bila viwango. Viwango vikionekana, mwenye elfu mbili huacha kabisa kutoa.

Sheria nazo zijueni walau kwa majina. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa taarifa za uongo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, pamoja na sheria ya mwaka 2008 ya uwiano wa kitaifa inayoharamisha chuki za kikabila. Hamuwi polisi kwa kuzijua, ila mtajua kwa nini orodha ya wakazi na namba zao haiuzwi kwa mfanyabiashara anayetaka kutangaza.

Anayechoka aondoke vizuri. Kabla hajatoka, ateue mrithi, akabidhi daftari na aeleze mashauri yaliyo wazi. Msimamizi pekee akijitoa bila kuteua mtu, WhatsApp humpa cheo mwanachama yeyote, na anaweza kuwa yule mliyemrudisha jana baada ya siku zake 14.