Hesabuni Darasa Tangu Kidato cha Kwanza

Kila mwaka, majira ambayo mikorosho ya huku Newala, mkoani Mtwara, Tanzania, imeanza kudondosha na shule za sekondari zinaandaa mahafali ya kidato cha nne, mimi hupokea simu kutoka kwa watu waliomaliza shule miaka 10 au 15 iliyopita wanaotaka kukutana tena na wenzao. Huniuliza darasa letu lilifanyaje, kwa sababu walisikia kwamba tulikutana Desemba 2019 na kwamba watu walirudi makwao wakiwa na furaha. Nimekuwa nikimjibu kila mmoja kwa wakati wake, na kwa kuwa majibu yangu ni yale yale, nimeona heri niyaandike kwa utulivu, pamoja na makosa tuliyoyafanya, ili atakayeyahitaji ayakute.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja. Mnapowatafuta watu wa darasa lenu, msianze na orodha ya waliofanya mtihani wa mwisho. Anzeni na orodha ya walioripoti kidato cha kwanza.

Sisi tuliripoti Januari 2006 katika shule ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa haraka wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004 hadi 2009, ambao wengi wanaujua kwa jina la MMES. Vyumba vilikuwa vinne, maabara ilikuwa msingi tu uliootea majani, na mwalimu wa hisabati alikuwa mmoja, akifundisha mikondo miwili kwa wakati mmoja kwa kutembea barazani kati ya mlango na mlango, huku anaandika swali, kule anasahihisha. Anayeijua nyanda ya juu ya Makonde anajua pia kwamba shida yetu ya kwanza ni maji, kwa kuwa huku juu hakuna mito, na maji husukumwa kwa mashine kutoka mabondeni au hukingwa wakati wa mvua na kuhifadhiwa kwenye visima vya saruji. Kwa hiyo kila mwanafunzi alipangiwa siku zake za kuleta kidumu cha lita tano, na asiyeleta alijieleza mstarini mbele ya mwalimu wa zamu.

Waliofanya mtihani wa Taifa mwaka 2009 tulikuwa 43. Ndio tuliokuwa na picha ya pamoja, ndio tuliosomewa risala na kupewa mkono na mgeni rasmi, na ndio tulioingizwa kwenye kundi la WhatsApp lililoanzishwa kwa ajili ya maandalizi. Kwa miezi mingi hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama kuna mtu amesahaulika. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima, kazi yangu ni kuhakikisha kila aliyeleta gunia ghalani ameandikwa jina na uzito wake, na bado sikuuliza.

Aliyetuamsha ni aliyekuwa monita wetu, ambaye alikuta kwa mama yake kaunta buku la zamu za maji. Jalada lake la nyuma lilikuwa limeliwa na mchwa hadi kwenye uti, lakini kurasa za mwanzo zilikuwa nzima, zimepigwa mistari kwa rula, na majina ya kidato cha kwanza yakiwa yameandikwa kwa kalamu ya bluu kuanzia namba 1 hadi namba 78. Mbele ya kila jina kulikuwa na alama za siku aliyoleta maji. Halafu, kadiri mtu anavyofunua kurasa, majina yanaanza kukatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake neno moja tu: amehama, marehemu, au mtoro. Neno mtoro ndilo lililokuwa jingi kuliko yote. Tulihesabu majina yaliyokatwa, nikajua kwamba karibu nusu ya watu niliokaa nao dawati moja, niliokula nao ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha wakati wa mapumziko, walikuwa wametoka kichwani mwangu kwa sababu tu hawakusimama kwenye picha ya mwisho.

Neno lile lilikuwa limefunika mambo mengi. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na ilifutwa miaka kumi baada ya sisi kuripoti, yaani Januari 2016, lakini juu ya ada kulikuwa na michango ya dawati, ya mlinzi na ya mitihani, na palikuwa na nyumba ambazo msimu mbaya wa korosho ulimaanisha mtoto mmoja kubaki nyumbani. Wavulana wengine walitoka kidato cha pili kwenda kuokota na kubeba korosho, wakaonja fedha, wasirudi. Na palikuwa na wasichana waliopata ujauzito, ambao kwa utaratibu wa wakati huo walifukuzwa shule moja kwa moja. Utaratibu huo uliendelea mpaka Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Sisi tulikutana miaka miwili kabla ya tangazo hilo. Nasema haya kwa sababu anayeandaa mkutano wa darasa akisoma neno mtoro kwenye daftari la zamani asilichukulie kama lilivyoandikwa.

Tuligawana majina, kila mtu watano au sita, tukaanza kuwatafuta. Hapo nina ushauri ambao naomba uzingatiwe: msimpigie simu aliyekatiza masomo kumwambia kwamba mnamwalika. Mwendeeni. Nilipewa jina la msichana aliyekuwa akikaa mbele yangu kidato cha pili, nikamkuta kwake akikaanga mihogo ya kuuza, na nilipomweleza kilichonileta aliinamia karai kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Dada, mimi sikumaliza. Nitakuja kukaa na nyinyi kama nani?" Nilimwambia kwamba jina lake ni namba 31 katika daftari la maji, na kwamba kwa muhula mzima wa kwanza hana hata alama moja ya kukosa. Akacheka. Kisha akaingia ndani, akatoka na sweta la kijani la shule, lililotiwa viraka kwenye viwiko vyote viwili. Waliosoma Newala wanaijua baridi ya Juni na Julai, ukungu unapopanda kutoka bonde la Ruvuma hata mtu asione mlingoti wa bendera kutoka darasani. Aliniambia kwamba mwaka 2008, alipojifungua mwezi wa saba, hilo ndilo lililokuwa vazi zito pekee ndani ya nyumba, na ndilo alilomfunikia mtoto. Mtoto huyo, siku tunazungumza, alikuwa darasa la tano.

Alikuja. Na ndiye aliyetukumbusha mambo ambayo sisi 43 tulikuwa tumeyasahau kabisa, kwa sababu yeye miaka yake miwili na nusu alikuwa ameitunza bila kuchanganya na miaka mingine. Alikumbuka ni nani aliyekuwa akichora ramani ya Afrika ubaoni bila kutazama kitabu. Alikumbuka siku mwalimu wa hisabati alipougua malaria na bado akaja, akafundisha akiwa amekaa kwenye ngazi za baraza ili mikondo yote miwili imsikie. Mwalimu mwenyewe alikuwepo siku ya mkutano, tulimfuata nyumbani kwake kwa gari, na aliposikia hayo alitoa leso akajifuta macho.

Kuhusu tarehe, jambo hili linaamuliwa na korosho. Sisi tulipanga kukutana mwishoni mwa 2018, na huo ndio msimu ambao Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yakifuata baada ya uhakiki wa wakulima, kwa hiyo ilipofika Desemba fedha haikuwa bado mikononi mwa watu wengi, nasi tukaahirisha kwa mwaka mmoja. Katika msimu wa kawaida, juma la mwisho la Desemba linafaa: minada mingi ya korosho imekwisha kupita, wanaoishi Dar es Salaam na Mtwara mjini wamerudi kusalimia wazazi, na shule imefungwa hivyo madarasa yanapatikana. Juni na Julai msijaribu, maana kila mwenye shamba anahangaika na salfa, dawa ya kupulizia mikorosho.

Mchango tuliupanga shilingi 20,000 na tukakosea. Watu watatu walijitoa kwenye kundi usiku huo huo bila kuaga. Tuliushusha hadi 5,000, na tukasema kwamba anayetaka kuleta mchele, kuku au kuni alete, na mweka hazina asitangaze popote nani ametoa kiasi gani. Chakula kilitosha na kubaki.

Kosa letu jingine lilitokea siku yenyewe. Mshereheshaji alianza kwa kumtaka kila mtu asimame, ataje jina, anapoishi na kazi anayoifanya. Wa kwanza alikuwa muuguzi, wa pili askari, wa tatu mwalimu, na kadiri zamu ilivyozunguka niliwaona wenzetu waliokaa karibu na dirisha wakianza kutazama chini, mmoja akatoka nje kana kwamba anapokea simu. Tulisimamisha utambulisho huo. Mwenzetu mmoja, naye ni mtu wa busara tangu utotoni, akapendekeza kila mtu aseme alikuwa akikaa wapi darasani na jirani yake alikuwa nani. Watu wakahama viti. Ndani ya dakika chache kila mtu alikuwa amekaa mahali pake pa kidato cha kwanza, wengine watatu kwenye dawati moja kama zamani, na nafasi zilizobaki wazi zikaonekana zenyewe bila mtu kuzitaja.

Nafasi mbili kati ya hizo ni za marehemu. Kwa hao tulifanya jambo ambalo nawashauri mlifanye mapema, si siku ya shughuli: wiki moja kabla tulikwenda kwa wazazi wao, tukawapa shikamoo, tukawaeleza tunachokusudia na kuwaomba ruhusa ya kuwataja watoto wao. Mzee mmoja hakutaka kuja, ila alitupa daftari la historia la mwanawe twende nalo. Siku ya mkutano tulisoma dua na sala, kwa kuwa darasa letu lilikuwa na Waislamu na Wakristo, na daftari lile lilikaa juu ya dawati lake mpaka tulipofunga.

Mwisho, ulizeni maswali madogo. Ukimuuliza mtu anakumbuka nini kuhusu shule atakupa risala. Ukimuuliza shati lake jeupe liliharibiwa na nini, atakueleza mabibo aliyokuwa akila njiani mwezi wa kumi, doa lisilotoka hata kwa sabuni ya mche, kipigo alichokipata nyumbani, na aliyemwazima shati kesho yake. Tulikuwa na watu wawili wa kuandika na simu moja ya kurekodi, na hata hivyo mengi yalitupita.

Kaunta buku liko kwangu, limefunikwa kwa karatasi ya kaki, na kila ukurasa umepigwa picha na kutumwa kwa wote. Chini ya ile mistari myekundu sasa kuna maandishi mapya kwa penseli: mahali mtu alipo, na namba ya simu kwa aliyeridhia. Namba 12, 47 na 66 hatujawapata. Tulisikia kwamba namba 47 alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji na mjomba wake, na mwezi ujao mwenzetu mmoja anayefanya biashara upande huo atatuulizia.