Kotapini Imegoma Kutoka: Majibu kwa Wapenzi wa Baiskeli Kongwe

Swali: Nimestaafu, na sasa shughuli yangu ni kufufua baiskeli za zamani. Ninazo Raleigh tatu na BSA moja, zote za breki za vyuma. Raleigh moja kranki ya kushoto (mkono unaobeba pedali) inacheza nikikanyaga pedali. Kotapini, ile pini inayofunga kranki kwenye ekseli, nimeigonga hadi nyuzi zake za nati zikabondeka, lakini haitoki. Fundi wa mtaani anasema tuichome kwa gesi. Nikubali? — *Mzee wa Buruburu*

Jibu: Mzee wetu, usikubali. Moto wa gesi utababua rangi ya fremu na unaweza kuulainisha ekseli wa kati, ambao ugumu wake ulitiwa kiwandani. Ekseli ukilainika, hata kotapini mpya haitaushika.

Nyundo imeshindwa kwa sababu kranki haikuwa na kitu cha kuegemea. Ukigonga hivyo, baiskeli inadunda kwenye tairi na nguvu inapotea. Ile inayobaki inapita kwenye gololi na kuacha vishimo ndani ya vikombe vinavyozishika. Tafuta kipande cha bomba nene la chuma la robo tatu inchi, ili kichwa cha kotapini kipate kuingia mdomoni mwake. Mafundi wa Kamukunji watakukatia kwa kipimo. Urefu wake uwe kutoka sakafu ya saruji hadi chini ya kranki, ongeza nusu sentimita ili uzito wa baiskeli ulalie bomba na si tairi.

Kabla ya hapo, tia mafuta ya kulegeza kutu juu na chini ya kotapini, asubuhi na jioni, siku mbili. Kisha piga pigo moja zito kwa nyundo ya kilo moja au zaidi. Vipigo vidogo vidogo vinaifanya pini ivimbe na kubana zaidi. Kwa kawaida nati huachwa imefunguliwa hadi ilingane na ncha ya pini ili ilinde nyuzi, ila zako zimeshabondeka. Zikate kwa msumeno, zilingane na kranki. Pigo likishindwa, toboa pini katikati kwa drili ya milimita 4, halafu 6. Usizidi hapo, kwa sababu ukienda kombo utakula kranki yenyewe. Pini ikishakuwa na uwazi ndani haibani tena kama mwanzo, na utaweza kuitoa kwa patasi butu ya duara.

Kotapini mpya ya Raleigh ni ya milimita 9.5. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) hapo hapo dukani, kwa sababu zipo nyingi za milimita 9 na kwa macho zinafanana. Hiyo nyembamba itazama mno, utadhani imekaza, na baada ya wiki kranki itaanza kucheza tena. Paka chaki ubapa wa pini, iingize, itoe, uone chaki imefutika wapi. Ikifutika upande mmoja tu, piga tupa taratibu hadi ubapa wote uguse ekseli. Igonge iingie kwanza, bomba likiwa pale pale chini ya kranki, ndipo ufunge nati. Kazi ya nati ni kuzuia pini isirudi tu. Ukiitumia kuvuta pini, nyuzi zitakatika. Endesha kilomita mbili au tatu, gonga tena, kaza tena.

Jambo moja husahaulika. Inua kranki ya kulia iangalie juu, uone nati imeelekea wapi. Inua ya kushoto vivyo hivyo: nati yake ielekee upande ule ule. Zikipishana, kranki hazitakaa kwenye mstari mmoja na utachechemea ukiendesha.

Ukifungua ekseli, hesabu gololi: 11 kila upande, za robo inchi. Badilisha zote 22, kwa sababu mpya zikichanganywa na zilizolika ni chache tu zitakazobeba mzigo. Na vikombe vya zamani usivitupe kamwe! Raleigh ilitumia nyuzi 26 kwa inchi, wengine wengi 24. Kikombe cha 24 kikilazimishwa kitaharibu fremu nzima.

Swali: Habu yangu ya Sturmey-Archer ya gia tatu inaachia ghafla nikiwa gia ya tatu, pedali inazunguka bure. Meno yamelika? — *Msomaji, Kariobangi*

Jibu: Huenda ni kebo tu. Katika AW, modeli ya gia tatu ya Sturmey-Archer, kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali ambapo hakuna gia kabisa. Kebo ikikaza mno, habu inaangukia hapo. Weka gia ya pili, chungulia tundu la nati ndefu ya upande wa kulia: mwisho wa kijiti kinachoungana na mnyororo mdogo uwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Rekebisha skrubu ya kebo hadi vilingane. Usiendeshe ukiwa umesimama kabla ya kurekebisha, utaanguka vibaya.

Kama habu imekaa miaka bila kutumika, tia vijiko viwili vya chai vya mafuta mepesi ya mashine kwenye kitundu chake, baadaye matone machache kila mwezi. Usitie grisi hapo. Inazifanya ndimi ndogo za ndani zinate. Namba mbili zilizogongwa karibu na AW mara nyingi ni mwaka, 58 ni 1958, ila huo ni mwaka wa habu. Gurudumu huweza kuwa lilibadilishwa.

Swali: Nimenunua tairi "28" lakini haliingii kwenye rimu ya Raleigh ya baba. — *Msomaji, Kawangware*

Jibu: Umepewa la 622, yaani la rimu yenye kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa. Rimu yako ni ya 28 x 1½, na namba ndogo ubavuni mwa tairi inapaswa kuisha na 635. Muulizie muuzaji tairi la baiskeli ya Black Mamba, utaelewana naye haraka.

Swali: Nipake rangi upya? — *Msomaji, Umoja*

Jibu: Kama nembo za kiwanda bado zinasomeka, tunakusihi usipake. Rangi mpya hununuliwa siku yoyote, ile ya kwanza ikikwanguliwa imekwenda. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kausha, kisha sugua kwa polishi ya gari. Thina iweke mbali, inafuta nembo kwa mpanguso mmoja. Kutu ya juu juu kwenye kromu sugua kwa karatasi ya foili iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Foili ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi. Ukimaliza futa kwa kitambaa kikavu na upake mafuta siku hiyo hiyo, hasa msimu wa mvua za masika, kabla unyevu haujaingia kwenye vitundu vya kromu.