Kinu kipi cha kusagia kahawa nyumbani?

SWALI: Mhariri, nimezoea kununua kahawa iliyokwisha kusagwa, na sasa nataka kusaga buni mwenyewe. Je, mashine ya visu inatosha, au nitafute ya meno?

JIBU: Ndugu msomaji, tafuta ya meno. Visu hukatakata buni ovyo, hivyo unga laini huchanganyika na chenga kubwa, na maji yanapopita, unga hutoa uchungu ilhali chenga hazijatoa ladha yake yote. Meno huziponda buni katika nafasi unayoipanua au kuibana upendavyo: pana kwa kahawa ya kuloweka, nyembamba sana kwa espreso (kahawa nzito inayopatikana kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu), ambayo hudai mashine ya kusagia yenye marekebisho madogo madogo na kwa kawaida ghali zaidi. Kama hunywi espreso, usiilipie. Kwa kikombe kimoja au viwili kwa siku, kinu cha mkono chenye meno ya chuma hutosha, tena mara nyingi hukishinda cha umeme cha bei hiyo hiyo, kwa kuwa fedha haikwenda kwenye mota. Mkono utachoka kidogo, hasa buni zikiwa hazikukaangwa sana. Hakikisha pia kwamba meno hufunguka kwa urahisi, kwani mafuta ya kahawa yakikaa humo huchacha, nawe utayasafisha kwa brashi kavu, si kwa maji.