Droni ikiona vizuri hivyo, mbona raia wanauawa?

SWALI: Mhariri, tunaambiwa kwamba ndege zisizo na rubani humwona adui waziwazi kuliko askari aliye ardhini, na bado raia wanauawa. Baadaye jeshi husema yalikuwa makosa, na habari ikaishia hapo. Je, sheria inaziruhusu silaha hizi, na je, kukiri makosa kunatosha?
Msomaji, Eastleigh, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna mkataba unaozipiga marufuku droni zenye silaha. Sheria ya kimataifa ya kibinadamu, yaani sheria ya vita, huangalia zaidi anayelengwa ni nani, na iwapo madhara yatakayowapata raia yatazidi faida ya kijeshi inayotarajiwa. Penye shaka, mtu huhesabiwa kuwa ni raia.

Swali lako hasa linagusa wajibu wa tahadhari. Kifungu cha 57 cha Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva ambayo Kenya iliiridhia mwaka 1999, kinamtaka anayepanga shambulio afanye kila linalowezekana kuhakikisha kwamba halengi raia, na alisitishe mara inapodhihirika kwamba shabaha siyo. Maneno “kila linalowezekana” ni mazito, kwa sababu rubani wa ndege ya kivita hupita kwa sekunde chache tu, ilhali droni inaweza kuzunguka juu ya mahali pamoja kwa saa nyingi. Kwa maoni yangu, anayeweza kuona zaidi anadaiwa zaidi, na kisingizio chake ni chembamba zaidi.

Huko Kabul, tarehe 29 Agosti 2021, droni ya Marekani ililifuatilia gari moja kwa saa kadhaa kabla ya kulishambulia, ikaua raia 10, wakiwamo watoto 7. Marekani ilikiri kosa, lakini hakuna askari aliyeadhibiwa. Tarehe 3 Desemba 2023, katika kijiji cha Tudun Biri nchini Nigeria, droni ya jeshi la nchi hiyo iliwashambulia watu waliokusanyika kwa Maulidi, na wasiopungua 85 wakafariki. Inaniuma kwamba mkusanyiko wa ibada ulidhaniwa kuwa wa wapiganaji. Marekani haijairidhia Itifaki hiyo, na vita vya ndani kama vya Nigeria havimo ndani yake. Hata hivyo, wajibu wa tahadhari ni sheria ya kimila ya kimataifa, yaani iliyotokana na desturi za mataifa, inayozifunga pande zote katika vita vya aina zote mbili: vya kati ya nchi na nchi, na vya ndani ya nchi.

Ni kweli kwamba kosa lililofanywa kwa nia njema si uhalifu wa kivita, kwani uhalifu huo huhitaji kusudi. Lakini kukosekana kwa kusudi hakuifuti dhamana ya dola: ikiwa tahadhari ilipuuzwa, sheria imevunjwa, na waliodhurika wanastahili fidia. Ili hilo lijulikane, ni lazima uchunguzi ufanywe na watu wasio chini ya kamanda aliyeamuru shambulio, nao wakabidhiwe picha zote zilizorekodiwa na droni tangu ilipoanza kuwafuatilia waliouawa.